Unanunua boma ocha? Lipa saveya kabla ya kumlipa muuzaji

Ukitoka Umoja, Kayole au Komarock na ufuate Barabara ya Kangundo, ukishapita Ruai mabango yanaanza: ploti zinauzwa Kamulu, Joska, Malaa, hadi Tala na Kangundo yenyewe. Siku hizi haziuzwi ploti tupu peke yake. Linauzwa boma zima: nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, tangi la maji, miembe kadhaa na ua wa manyara umezunguka. Kwa familia ambayo imelipa kodi ya nyumba Eastlands tangu watoto wako chekechea, boma kama hilo si mchezo. Ni mahali pa kustaafu, pa kufuga kuku, pa wajukuu kuja Desemba.

Wengi wenu mnaweka akiba ya boma hilo kwa simu, kidogo kidogo, kupitia chama, Sacco au biashara ya kila siku. Inachukua miaka. Kisha siku moja mnasimama mbele ya nyumba, dalali anawaambia kuna watu wengine wawili wanaiangalia, na kwamba ukituma elfu hamsini sasa hivi atakushikia. Kutuma ni dakika moja tu. Leo tunataka tuongee kuhusu kile ambacho kinafaa kufanyika kabla ya dakika hiyo.

Kwa ufupi ni hivi: hati miliki inakuambia shamba ni la nani na lina ukubwa gani. Haikuambii, ukiwa umesimama pale kwenye nyasi, kwamba shamba lenyewe ndilo hili. Kazi hiyo ni ya saveya, yaani mpima ardhi, na anafaa kulipwa kabla ya muuzaji kuona hata shilingi moja.

Sachi pekee haitoshi

Watu wengi tayari wanajua kufanya sachi, ule upekuzi rasmi wa hati miliki kwenye ofisi ya ardhi. Ni jambo zuri, na usiliruke. Unahitaji nakala ya hati ya muuzaji, kitambulisho chako na PIN ya KRA. Kwa mashamba ya Nairobi kuna mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Kwa shamba la Machakos au kaunti nyingine, uliza ofisi ya ardhi ya huko kama ombi linafanywa mtandaoni au kwenye kaunta.

Majibu ya sachi yatakuonyesha jina la mwenye shamba, ukubwa, na kama kuna mkopo wa benki, zuio la mahakama au pingamizi la mtu mwingine. Lakini angalia kile ambacho hakimo: hakuna picha ya nyumba, hakuna miembe, hakuna ua. Kuna nambari tu. Kwa mashamba mengi ya upande wa Joska na Malaa, nambari hiyo huanza na maneno kama Donyo Sabuk/Komarock Block 1, kisha tarakimu za ploti.

Sasa tuseme muuzaji ana hati halali kabisa ya ploti moja. Ploti hiyo iko bondeni, maji ya mvua yanatuama. Siku ya kuonyeshwa shamba, dalali anakupeleka kwenye boma zuri lililo juu, karibu na barabara. Unafanya sachi, jina linalingana, ukubwa unalingana, moyo unatulia. Unalipa. Miezi minne baadaye, mwenye boma la juu anafungua lango na kukuuliza unatafuta nani.

Hapo hakuna hati iliyoghushiwa. Karatasi ni ya kweli na boma ni la kweli, ila haviendi pamoja. Wakati mwingine hata si ulaghai: muuzaji mwenyewe aliuziwa hivyo, akajenga kwa jirani bila kujua, na sasa anakuuzia kosa ambalo yeye pia alinunua.

Ua si mpaka

Kuna sababu ya kihistoria inayofanya jambo hili liwe la kawaida Kenya. Kuanzia miaka ya 1950, baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mashamba mengi ya vijijini yalisajiliwa kwa kutumia mipaka ya kuonekana kwa macho: ua wa miti, mkonge, mtaro, njia ya ng'ombe. Ramani zikachorwa kutokana na ua huo, mara nyingi kwa msaada wa picha zilizopigwa kutoka kwa ndege. Ilikuwa njia ya haraka ya kusajili mashamba mengi, lakini haikuwa ya vipimo kamili.

Sheria yenyewe inakubali hivyo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema kwamba, isipokuwa pale ambapo mipaka imewekwa rasmi na kuandikwa kwenye rejista, ramani inaonyesha mipaka kwa makadirio tu. Kifungu hicho hicho kinasema mahakama haitasikiliza kesi ya mpaka wa shamba lililosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwanza na msajili wa ardhi. Maana yake ni kwamba ukinunua ugomvi wa mpaka, safari yako itaanzia kwenye ofisi ya ardhi, na huenda ikawa ndefu.

Ua nao huwa unatembea. Manyara hukauka, mtu anapanda mingine hatua mbili ndani ya shamba la jirani. Mzee aliyekumbuka mpaka anafariki. Bikoni, yale mawe au vyuma vya kuonyesha pembe za shamba, hung'olewa na trekta au na mkono wa mtu. Kuharibu au kusogeza alama ya mpaka ni kosa la jinai, lakini hilo halizuii bikoni kupotea.

Kwa mashamba yaliyogawanywa na kampuni za kununua ardhi na vyama vya ushirika, mara nyingi kuna ramani za upimaji zenye vipimo vya kila upande. Hapo kazi ya saveya huwa rahisi kidogo. Lakini bado lazima mtu aende pale chini na kifaa chake ahakikishe.

Saveya anafanya nini hasa?

Kwanza, anatafuta ramani. Ramani za usajili hupatikana kwa Idara ya Upimaji, ambayo makao yake ni Ruaraka kwenye Barabara ya Thika, au kwenye ofisi za upimaji za kaunti. Ukiwa unakaa Kariobangi au Dandora, Ruaraka si mbali. Unaweza kuinunua mwenyewe na uitazame: utaona nambari ya ploti yako, majirani zake, na njia inayoingia. Kama kwenye ramani hakuna njia ya kufika kwenye ploti, basi ile njia uliyopita ukionyeshwa boma ni shamba la mtu, na siku moja anaweza kuifunga.

Pili, anaenda shambani. Anatumia kifaa cha setilaiti kutafuta pembe za shamba, akianzia kwenye bikoni za majirani ambazo bado zipo. Anapima kila upande. Anahesabu ukubwa. Kisha anakuambia mambo manne ambayo hati haiwezi kukuambia:

Kwamba ploti iliyo kwenye hati ndiyo hii mliyosimama. Kwamba ukubwa wa pale chini unalingana na wa kwenye karatasi. Kwamba nyumba, choo, kisima na tangi vyote viko ndani ya mpaka. Na kwamba hakuna sehemu iliyoingia kwenye hifadhi ya barabara, njia ya nyaya za umeme mkubwa au ukingo wa mto. Kwa mito, kanuni za mazingira huweka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande usiofaa kujengwa.

Tatu, anakuandikia ripoti yenye sahihi na mchoro. Usikubali kuambiwa kwa mdomo "iko sawa". Omba karatasi.

Majirani waalikwe siku hiyo. Wazee wa kijiji pia. Ni heshima, na ni ushahidi. Jirani akinyamaza siku ya upimaji ni tofauti na jirani anayekuja kulalamika ukiwa umeshahamia. Uliza pia mambo ambayo mashine haioni: kuna kaburi ndani ya shamba? Kuna ndugu anayedai sehemu? Maji ya mvua hupita wapi?

Chagua saveya wako mwenyewe. Anafaa kuwa na leseni ya Bodi ya Wapima Ardhi chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, na usione haya kumwomba nambari ya leseni. Saveya aliyeletwa na dalali, anayelipwa na dalali, ni mtu wa dalali.

Piga hesabu ya moja ya nane

Hapa kuna jambo dogo ambalo huwapita wengi. Ploti ya "50 kwa 100" huuzwa kama moja ya nane ya eka. Futi 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000. Lakini eka moja ni futi za mraba 43,560, na ukiigawa kwa nane unapata 5,445. Tofauti ni futi za mraba 445, karibu nafasi ya chumba cha futi 20 kwa 22.

Si wizi, ni mazoea ya soko. Lakini ujue unachonunua. Hati nyingi huandika ukubwa kwa hekta: 50 kwa 100 ni kama hekta 0.046, na nusu eka ni kama hekta 0.2. Kama umeahidiwa nusu eka na hati inasoma 0.16, usikubali maelezo ya "hiyo ni barabara ilikatwa" bila kuonyeshwa barabara hiyo kwenye ramani. Bei ijadiliwe kwa ukubwa uliopimwa, si ule wa kwenye bango.

Nyumba nayo ipimwe

Kwa kuwa unanunua boma na si ploti tupu, usiishie kwa saveya. Tafuta fundi mjenzi unayemwamini, asiyemjua muuzaji, mwende naye. Kama nyumba ni ya ghorofa, tafuta mhandisi aliyesajiliwa.

Anza na udongo. Sehemu kubwa ya uwanda kutoka Ruai kwenda Joska ina ule udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha huvimba, kiangazi kikija hupasuka. Msingi uliomwagwa juu ya udongo huo bila kuuchimba wote hadi kwenye murram au mwamba hupanda na kushuka kila msimu. Dalili yake ni nyufa zinazokwenda mshazari kutoka pembe za milango na madirisha. Ufa mwembamba wa plasta si habari. Ufa unaoingiza sarafu ya shilingi ishirini ni habari. Na kama ukuta mmoja pekee ndio umepakwa rangi mpya, uliza kwa nini.

Mwambie fundi apande juu ya dari. Agonge mbao, mbao iliyoliwa na mchwa hulia kama tupu. Aangalie vijia vya udongo vinavyopanda ukutani. Aangalie kutu kwenye mabati na madoa ya maji chini yake. Kama unaweza, rudi siku ya mvua.

Kisha maji. Kisima kikiwa karibu na choo cha shimo, hilo ni tatizo. Umbali unaopendekezwa kwa kawaida ni mita 30 au zaidi. Maji ya kisima kirefu yapelekwe maabara, kwa sababu sehemu nyingi za Kenya zina maji yenye floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto hubadilika rangi. Mwisho, uliza mita ya umeme iko kwa jina la nani na kama ina deni.

Shamba la marehemu, na shamba linalokatwa

Kuna hali mbili ambapo saveya atakuambia "subiri", na unafaa kumsikiza.

Ya kwanza ni pale ambapo hati bado iko kwa jina la babu aliyefariki, na watoto wake ndio wanauza. Chini ya Sheria ya Urithi, ardhi ya marehemu haiwezi kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha mgao wa mali. Hata kama watoto wote watano wamekubali na chifu amepiga muhuri, bado hawana cha kukuuzia. Mtoto wa sita akijitokeza kutoka Mombasa, utakuwa upande mbaya.

Ya pili ni pale ambapo boma unalouziwa ni kipande cha shamba kubwa lenye hati moja. Hapo lazima shamba ligawanywe kwanza kwa fomu ya mutesheni inayochorwa na saveya, bikoni mpya zichimbiwe, na hati mpya zitoke. Ardhi ya kilimo pia huhitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kwa mgawanyo na kwa mauzo. Ombi la idhini hufanywa ndani ya miezi sita tangu mkataba, na bila idhini hiyo mauzo ni batili. Mume au mke wa muuzaji naye lazima akubali, hasa kama ni nyumba ya familia.

Tukumbuke pia kwamba upimaji mzuri hauponyi hati mbovu. Oktoba 2023 nyumba nyingi zilibomolewa Athi River kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Mapema mwaka huo, tarehe 21 Aprili, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa kwamba kuwa na hati mkononi hakutoshi kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa hivyo wakili afuatilie historia ya hati, saveya afuatilie ardhi yenyewe. Unawahitaji wote wawili.

Pesa itoke kwa mpangilio huu

Hapa ndipo sisi tunaingia. Usalama wa malipo yako unategemea zaidi unalipa nini kwanza:

1. Sachi. Malipo ya serikali hupitia Paybill 222222 ya eCitizen. Ukiambiwa utume ada ya sachi kwa nambari ya mtu binafsi, simama hapo.

2. Ramani. Nayo ni huduma ya serikali, kwa hivyo pata risiti.

3. Saveya. Kubalianeni bei nzima kwa maandishi, ikiwemo usafiri. Mlipe kwa Till au Paybill ya ofisi yake, sehemu mwanzo na sehemu ukipokea ripoti.

4. Fundi na maabara ya maji. Hawa ni gharama ndogo ukilinganisha na nyumba.

5. Wakili. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, wenye sahihi na mashahidi. SMS ya kutuma pesa si mkataba, hata ikiwa na jina la muuzaji.

6. Malipo ya kwanza kwa muuzaji. Kwa kawaida ni asilimia 10, na ni salama zaidi yakishikiliwa na wakili hadi masharti yatimizwe.

Kila unapolipa, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Pale panapoulizwa nambari ya akaunti na mpokeaji hajakupa nambari yake, andika nambari ya ploti, ili taarifa yako ya miamala ijieleze yenyewe miaka mitano baadaye. Usifute SMS. Omba taarifa ya miamala ya kipindi hicho na uihifadhi pamoja na ripoti ya saveya.

Kumbuka pia vikomo. Tangu 2023, kikomo cha juu kwa muamala mmoja wa simu kimekuwa shilingi 250,000, na 500,000 kwa siku. Muuzaji anayekuhimiza ukate milioni mbili vipande vipande kwa siku nne, kwa nambari nne tofauti, anakuomba uache ushahidi uliotawanyika. Pesa kubwa ya ardhi ipitie benki, kwa akaunti ya wakili.

Na ile "elfu hamsini ya kushika"? Ukishatuma kwa hiari yako, kwa nambari uliyoiandika mwenyewe, kuirudisha ni kazi ngumu, hasa kama imeshatolewa kwa wakala. Jibu zuri kwa dalali ni hili: "Nitatuma nikipata ripoti ya saveya." Muuzaji wa kweli atakusubiri wiki mbili. Asiyeweza kusubiri amekupa jibu lako bure.

Ripoti ikija na mabaya

Si lazima ukimbie. Kama choo kimeingia kwa jirani hatua moja, muuzaji anaweza kukihamisha kabla ya kuuza. Kama shamba ni dogo kuliko lilivyotangazwa, punguzeni bei. Kama msingi una nyufa, omba gharama ya kurekebisha ikatwe. Lakini kama ploti ya kwenye hati si hii mliyosimama, rudi nyumbani. Utakuwa umepoteza ada ya saveya na nauli ya matatu, na akiba yako yote itakuwa bado iko kwa jina lako.

Kabla ya wikendi ijayo ya kuonyeshwa mashamba, fanya mambo mawili leo: mwombe muuzaji nakala ya hati, na utafute saveya mmoja mwenye leseni umuulize bei. Wengine kwenye chama chenu pia wako kwa safari hii. Watumie makala haya.